Mbegu ya viazi inafukiwa kina gani? Namna ya kupanda pale jembe linapogonga jiwe la volkano

Msimu A wa kulima unaanza mwezi wa 9, mvua zinaporudi. Msimu B unafuata kuanzia mwezi wa 2. Kila misimu hii inapofika, wakulima wa Kibumba, wa Masisi, wa Rutshuru na wa pembezoni mwa Goma wanakutana na swali lilelile: mbegu ya viazi, zao ambalo sokoni wengi wanaliita birayi, ifukiwe chini kiasi gani? Wengine wanasema vidole viwili vinatosha, ili iote haraka. Wengine wanaichimbia chini kabisa, ili mvua isiifukue. Na katika eneo la Nyiragongo kuna wale ambao hawana la kuchagua: jembe linashuka kidogo tu, halafu linagonga jiwe.

Linaonekana kuwa swali dogo, lakini hesabu yake ni kubwa. Kipande cha shamba cha meta 10 kwa 10, mistari ikiachana santimeta 80 na mbegu zikiachana santimeta 30, kinaomba mbegu karibu 400. Kama kila mbegu iko na ukubwa wa yai la kuku, yaani gramu 50 hivi, hizo ni kilo 20 za viazi ambazo familia ingeweza kuzipika. Kwa familia iliyokimbia vita, ikakaa Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala, halafu mwaka 2025 ikarudi na kukuta shamba limekuwa pori, kilo hizo 20 hazipatikani mara mbili. Zikioza ardhini, msimu umekwisha. Zikitoa viazi vya kijani, sehemu ya mavuno hailiwi wala hainunuliwi.

Jibu fupi ni hili: vidole vinne vya udongo juu ya mbegu siku ya kupanda, na udongo mwingine unaongezwa baadaye, mmea ukishapanda. Kwa viazi, udongo unaohesabiwa ni ule ulio juu ya mbegu. Shimo lenyewe linaweza kuwa fupi. Na udongo huo si lazima uwekwe wote kwa siku moja. Ndiyo maana hata mtu mwenye shamba juu ya mawe anaweza kuvuna, akijua sababu ya kila hatua.

Kiazi si mzizi

Watu wengi wanaweka kiazi kwenye kundi moja na muhogo na kiazi kitamu, sababu vyote vinachimbwa. Kumbe havifanani. Muhogo na kiazi kitamu ni mizizi iliyonenepa. Birayi ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Ushahidi wake ni yale macho: kila jicho ni chipukizi linalongoja kutoka, sawa na chipukizi la tawi. Kiazi kikiona mwanga kinageuka kijani, kama shina lolote linavyofanya.

Mbegu ikifukiwa, macho yanatoa machipukizi, na chipukizi linapanda kutafuta mwanga. Ile sehemu ya shina iliyo kati ya mbegu na uso wa ardhi ndiyo kiwanda. Hapo, kwenye pande za shina, vinatoka vijiti vyeupe ambavyo vinatambaa ndani ya udongo, na ncha ya kila kijiti inavimba na kuwa kiazi kipya. Kwa hiyo viazi vipya havikai chini ya mbegu ya zamani. Vinakaa pembeni yake na juu yake.

Mtu akishaelewa jambo hili moja, mambo mengine yanajieleza. Mbegu ikiwa juu sana, sehemu ya shina iliyo ndani ya udongo ni fupi na nafasi ya vijiti ni ndogo. Kijiti kikitokea kwenye mwanga, hakitengenezi kiazi. Mara nyingi kinageuka kuwa tawi lenye majani. Na viazi vilivyokwisha kuvimba karibu na uso wa ardhi vinasukuma udongo, vinachungulia nje, na vinaanza kuwa kijani.

Kwa nini basi mbegu isizikwe chini kabisa tangu siku ya kwanza? Sababu chipukizi linakula akiba ya mbegu mpaka litoke nje. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo akiba inavyopungua, na mbegu ndogo inaweza kumaliza nguvu njiani. Mmea unachelewa, unatoka mwembamba, na muda wote huo chipukizi liko wazi kwa magonjwa ya udongo. Mvua zikiwa nyingi na udongo ukiwa mzito, maji yanakaa pale chini na mbegu inaoza kabla ya kuota.

Vidole vinne kwanza, kilima baadaye

Mbegu nzima ya ukubwa wa yai, yenye machipukizi mafupi na manene ya santimeta 1 ao 2, inawekwa machipukizi yakiangalia juu. Juu yake unawekwa udongo wa santimeta 7 mpaka 10, ambao kwa mkono wa mtu mzima ni vidole vinne vikilazwa pamoja, ao kuzidi kidogo. Kwenye udongo mzito unaoshika maji, vidole vitatu vinatosha. Kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano, ambao unakauka upesi jua likiwaka, mkulima anaweza kufika santimeta 12.

Mmea unatoka kisha majuma mawili mpaka manne, kulingana na baridi ya mahali na hali ya mbegu. Ukifika urefu wa santimeta 15 mpaka 20, kama kiganja kilichofunguliwa, hapo ndipo udongo unapandishwa kwa mara ya kwanza. Maagronomu wanaiita kazi hii butaje. Mkulima anavuta udongo wa kati ya mistari na kuuweka kwenye shina pande zote mbili, mpaka yabaki majani ya juu tu. Kisha majuma mawili ao matatu anarudia, kabla majani ya mistari miwili hayajakutana. Mwishoni kunakuwa na kilima cha santimeta 20 mpaka 25, kipana juu. Kilima chenye ncha kali kama paa la nyumba kinabomoka mvua ya kwanza ikipiga.

Ndiyo sababu mistari inaachana santimeta 70 mpaka 80. Mtu akibana mistari ili aongeze mbegu, anakosa udongo wa kupandisha. Jembe linakwenda kuchimba karibu na shina, linakata vijiti vyeupe, na kila kijiti kilichokatwa ni kiazi kilichopotea. Kwa sababu hiyo pia udongo haupandishwi maua yakishatoka kwa wingi: wakati huo chini kumejaa.

Kilima kina faida nyingine tatu. Kwanza kinafukia magugu yangali madogo. Pili, kinapunguza hasara ya mildiu, ule ugonjwa unaochoma majani wakati wa mvua nyingi na ukungu. Mbegu za ugonjwa huo zinaanguka kutoka kwenye majani na kuteremka na maji ya mvua. Zikikuta udongo wa kutosha, nyingi zinabaki juu. Zikikuta viazi viko wazi, zinaingia, na viazi vinaoza ghalani wiki chache kisha mavuno. Tatu, kinazuia nondo wa viazi. Mdudu huyu anapenda kutaga mayai kwenye viazi vinavyoonekana, na anapita kwenye nyufa za udongo wakati wa kiangazi. Udongo mnene usio na nyufa unamfungia njia.

Kijani cha kiazi ni onyo

Rangi ya kijani yenyewe haina sumu. Ni ileile iliyo kwenye majani. Lakini mwanga unaoleta kijani unafanya kiazi kitengeneze pia solanini na ndugu zake, sumu chungu ambazo mmea unazitumia kujikinga na wanaoula. Mtu akila kiasi kikubwa anaweza kuumwa tumbo, kutapika na kuhara. Watoto wanaathirika upesi zaidi, sababu mwili wao ni mdogo.

Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, na kukaanga pia hapana. Kama kijani ni kidogo, kinakatwa pamoja na ganda nene na macho yote. Kama kiazi kimekuwa kijani sehemu kubwa, ao kikionjwa kikiwa kichungu, hakifai kuliwa. Kulazimisha familia kukila kwa kuogopa hasara kunaweza kuleta hasara nyingine ya dawa.

Kijani hakitoki shambani tu. Viazi vizuri kabisa vilivyofika Goma kutoka Masisi ao Kibumba vinaweza kugeuka kijani mezani, vikikaa siku kadhaa kwenye mwanga. Wamama wauzaji wanaovifunika kwa gunia ao kwa kitambaa kizito wanalinda mali yao. Nyumbani pia, viazi vya kula vinakaa mahali penye giza, penye hewa, pasipo na maji.

Kwa mbegu ni kinyume. Viazi ambavyo mkulima anavitenga kwa kupanda vinafaa kuona mwanga kidogo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho makao yake yako Lima nchini Peru tangu 1971, kimesaidia kueneza njia hii katika nchi nyingi: mbegu zinatandazwa safu moja ao mbili kwenye vichanja, chini ya paa, mahali ambapo mwanga unaingia lakini jua halipigi moja kwa moja. Zinageuka kijani na kutoa machipukizi mafupi, manene, magumu. Mbegu iliyokaa gizani ndani ya gunia inatoa machipukizi meupe, marefu kama kamba, ambayo yanavunjika wakati wa kupanda. Hata kanuni ya vidole vinne haiwezi kuokoa mbegu iliyovunjika machipukizi. Lakini viazi hivyo vya kijani vya mbegu havirudi tena kwenye sufuria.

Pale ambapo chini ni jiwe

Goma imejengwa juu ya lava. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1977, ikalipuka tena tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na ikarudia tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, lava ikasimama upande wa Buhene, kaskazini mwa mji. Kila mlipuko ulifunika nyumba na mashamba. Lava inageuka kuwa udongo wenye rutuba sana, lakini inaomba muda mrefu kuliko maisha ya mtu mmoja. Ndiyo sababu mlima uleule ambao unalisha Kibumba umeacha sehemu za mji na udongo wa kiganja kimoja tu, na sehemu zingine bila udongo wowote.

Hapa ndipo kanuni ya kuhesabu kina kutoka juu ya mbegu inasaidia. Kama chini kuna santimeta 10 tu za udongo, mbegu haihitaji kuteremka. Inalazwa karibu na uso wa ardhi, juu ya samadi iliyooza vizuri na kuchanganywa na udongo, halafu udongo wa pembeni unakusanywa kuifunika vidole vinne. Baadaye kilima kinaendelea kupandishwa kwa udongo wa kati ya mistari, mboji, majani makavu na nyasi. Majani makavu yanafanya kazi mbili: yanazuia mwanga na yanapunguza joto. Hilo ni jambo kubwa kwenye mawe meusi, ambayo yanakusanya joto la jua mchana. Birayi ni mmea wa baridi: udongo ukipata joto nyingi, majani yanaweza kuwa mazuri lakini chini kunakuwa na viazi vichache. Goma iko meta 1,500 hivi juu ya bahari, chini kuliko vilima vya Masisi, kwa hiyo joto hilo linahesabika.

Hatari ya udongo mfupi juu ya jiwe ni kukauka. Maji yanapita kwenye nyufa za lava yanakwenda zake. Mkulima wa mahali kama hapo anapanda mvua zikishashika vizuri, hapandi na mvua ya kwanza, na anaweka kifuniko cha majani mapema.

Na gunia je?

Ndani ya mji, kwenye parseli ambayo haina udongo kabisa, familia nyingi zinapanda lengalenga na mboga zingine ndani ya magunia. Viazi pia vinawezekana. Gunia linatobolewa chini ili maji yatoke, linakunjwa mpaka theluthi moja ya urefu wake, linawekwa udongo uliochanganywa na mboji, na mbegu mbili ao tatu zinafukiwa vidole vinne. Mimea ikipanda, gunia linakunjuliwa pole pole na udongo unaongezwa, majani ya juu yakiachwa nje.

Kuna ahadi inayotembea ya kwamba gunia likijazwa udongo mpaka juu litajaa viazi kutoka chini mpaka juu. Aina nyingi za viazi hazifanyi hivyo. Zinaweka viazi vyao karibu na mbegu, kwenye zile santimeta 20 ao 25 za kwanza, na udongo unaoongezwa juu ya hapo unatumika kidogo sana. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua udongo wa kujaza gunia zima. Santimeta 25 mpaka 30 za udongo mzuri juu ya mbegu zinatosha, na udongo unaobaki unaanzisha gunia la pili. Gunia linakauka upesi kuliko shamba, kwa hiyo linaomba maji mara kwa mara.

Vitunguu na maua vina sheria zao

Kosa lingine ni kuchukua kanuni ya viazi na kuipeleka kwenye kila kitu kinachokula chini ya ardhi. Kitunguu ni majani yaliyonenepa yakabanana, na kinataka kukaa juu. Mche wake unafukiwa mizizi na kitako tu, santimeta 2 ao 3, na kitunguu kikianza kuvimba kinaachwa kionekane. Ukikipandishia udongo, shingo inabaki nene na mbichi, haikauki vizuri, na kinaoza ghalani.

Kitunguu saumu kinapandwa punje moja moja, ncha ikiangalia juu, chini ya santimeta 3 mpaka 5 za udongo. Puaro ni upande mwingine: sehemu nyeupe ambayo wapishi wanaitafuta inatokana na shina kufichwa mwanga, kwa hiyo mche unapandwa kwenye mfereji ao shimo la kina, na udongo unaongezwa kadiri unavyokua. Anayeonyesha puaro yenye nyeupe fupi sokoni anajua bei inavyoshuka.

Na kwa wale wanaopamba parseli kwa maua ya yungiyungi, kitunguu cha ua hilo kinafukiwa chini mara mbili ao tatu ya urefu wake: chenye santimeta 5 kinawekewa udongo wa santimeta 10 mpaka 15. Sababu inakaribiana na ile ya kiazi. Aina nyingi za yungiyungi zinatoa mizizi kwenye shina lenyewe, juu ya kitunguu, na udongo ule wa juu unasaidia kulisha ua na kulisimamisha upepo ukivuma.

Kisha kila mvua kubwa

Kwenye miteremko ya Masisi na Rutshuru, mistari ya viazi inalazwa kukata mteremko, haiteremki na mlima. Mstari unaoteremka unakuwa mfereji, na mvua moja inaweza kuondoa udongo ambao mkulima aliupandisha kwa siku mbili. Hata pale mistari imelazwa vizuri, mvua ya Kivu inakula kilima pole pole.

Kwa hiyo kazi inaendelea hata kisha butaje ya pili. Kila mvua kubwa ikipita, mtu anazunguka mistari na kuangalia kama kuna kiazi kinachochungulia. Kikionekana kingali cheupe, konzi mbili za udongo zinatosha kukirudisha gizani. Kikiwa kimekwisha kuwa kijani, hakirudi tena kuwa cheupe hata kikifukiwa. Siku ya kuvuna, ambayo kwa aina nyingi inafika kati ya siku 90 na 120 kisha kupanda, viazi vya namna hiyo vinatengwa palepale shambani. Vile vilivyotoka kwenye mimea iliyokuwa na afya vinaweza kuwekwa kwenye kichanja kuwa mbegu za msimu unaokuja. Vile vya mimea iliyonyauka haviwekwi hata kama sura yao ni nzuri, sababu mnyauko unasafiri ndani ya mbegu na unabaki ndani ya udongo kwa muda mrefu.